Kitambaa Chekundu cha Darini

Kilichomshangaza Sesilia kwanza ni kwamba kitambaa hakikuwa na vumbi.

Dari ya nyumba ile ya Kinondoni haikuwa imeingiwa na mtu tangu Mgiriki aliyeijenga arudi kwao kabla ya vita. Kila kitu alichokitupa kutoka juu mumewe Kasiani, fundi umeme aliyepanda kutengeneza nyaya, kilishuka na vumbi lake: maganda ya mpira wa waya yaliyokauka yakapasuka kama kisigino cha mkulima, pamba iliyooza, popo mkavu. Kitambaa chekundu kilishuka safi, laini, kinanukia marashi.

"Kilikuwa kimezungushwa kwenye waya," Kasiani akasema, akichungulia kwenye tundu la dari. "Fundi gani huyo anafunga umeme kwa kitambaa? Hiyo kazi ya fundi cherehani."

"Bwana Jabiri alikwambia vilivyofungwa uviache."

"Jabiri muuza nazi, anajua nini? Nyumba ikiungua ataanza kusema Mmakonde hajui kazi."

Hapo hakusema uongo. Jabiri, mwenye nyumba, alikuwa na mdomo, na chumba cha nyuma walichokaa humo kilikuwa chake. Tena Kasiani alikuwa fundi mzuri, na kwa mambo kama haya fundi mzuri ndiye wa kuogopwa. Mvivu angekiacha. Yeye akausugua waya ukang'aa, akauzungushia utepe wake mweusi, akashuka. Sesilia naye, mwanamke asiyetupa kitu, akawashia mkaa kwa kile kitambaa. Kikanuka nyama.

Kesho yake ngozi ya vidole vya Kasiani ikawa imekauka. Haikumuuma. Ikapasuka, ikabanduka kama yale maganda ya mpira, na chini yake hapakuwa na kidonda wala damu, palikuwa pekundu panang'aa kama shaba. Hospitali wakampa dawa ya kupaka. Padri akamwombea. Kubanduka kukapanda viganja, kukapanda mikono. Sesilia akifagia vipande, akigeuka kuchukua kizoleo, havipo. Na huko darini, mchana kweupe, anasikia kitu kinajivuta polepole, kama mtu mzima anayejifunga shuka.

Akamwendea Jabiri.

"Kwani sikuwaambia?"

"Ulisema tuache. Hukusema kwa nini."

"Ningesema, mngekaa?" Jabiri hakumtazama usoni. "Mgiriki alijenga juu ya makao ya jini, shemeji. Umeme ulipoingia, jini akahamia kwenye waya. Mgiriki angali hapa, mzee wetu mmoja akamvisha kile kitambaa, jini akatulia. Nyie mmemvua."

"Sie hatukujua."

"Na yeye hakuulizwa."

Jabiri akamleta mganga wa Vingunguti, Bi Mwanahija, na kitambaa kipya chekundu na chetezo cha ubani. Sesilia akamwamkia shikamoo. Adhuhuri wakamkalisha Kasiani mkekani, amebaki na ngozi ya uso na ya miguu tu, na bibi akasoma, akafukiza, akasoma tena, mpaka moshi ukasimama katikati ya chumba haupandi wala haushuki, na juu ya vichwa vyao boriti zikalia moja baada ya nyingine kama mtu anayekuja bila haraka, na kinywa cha Kasiani kikafunguka bila yeye kukifungua.

"Nimekuletea nguo yako," Bi Mwanahija akasema taratibu.

"Nguo ya nini?" kikauliza kile kinywa. "Nimeshavaa."

Bibi akakunja kitambaa chake, akazima ubani kwa maji.

"Bibi, usituache."

"Mwanangu, jini aliye uchi ana shida, nami ningemshika kwa shida hiyo. Huyu keshavaa, hana haja na mtu. Na usimtoe mumeo hapa. Akienda mbali, ile ngozi itavutika ichanike."

Alipoondoka, Sesilia akazima swichi kubwa, akawasha koroboi, akapanda ngazi. Akatambaa juu ya boriti, goti baada ya goti, marashi yakimjaa puani, akiufuata ule waya ambao mumewe aliusugua kwa mkono wake, na utepe mweusi haukuwepo, palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, laini, kisicho na vumbi, chenye vinyweleo, kimeuzunguka waya kutoka ukuta hadi ukuta bila mshono, na kilikuwa na joto. Akakigusa. Vinyweleo vikasimama.

"Mkono wako wa baridi, Sesilia," Kasiani akasema kutoka chumbani, chini kabisa.

Akauondoa. Hakujua akate, aombe, au akae tu. Alikuwa bado anafikiri aliposikia, kule mwisho wa boriti ambako mwanga wa koroboi haukufika, miguu midogo, mingi, na meno ya panya yakijaribu kitu kipya.

Huko chini Kasiani akaanza kujikuna.