Maziwa Hayaachi Alama

Ukuta wa sebuleni ulipoona macho ya Bi Mwanakombo yanalegea, ulimpa mhusika mmoja wa tamthilia sauti ya marehemu mumewe. Bi kizee akakaa wima palepale. Hiyo ndiyo kazi ya runinga-hai: inasoma mboni za mtazamaji, na umakini ukipungua inachota jambo la maisha yake na kulishona ndani ya tamthilia inayotungwa papo hapo. Kilichochotwa nyumba moja huweza kuonekana nyumba nyingine. Kila kipindi huonyeshwa kisha hufutwa, ili siri za watu zisibaki mtamboni.

Aliyebuni ushonaji huo ni bintiye, Mhandisi Salha Shekue. Nia yake ilikuwa njema. Wazee wa Tanga walikuwa wakishinda peke yao mbele ya runinga za kale, kumbukumbu zikichujuka kama kanga ya juani, naye akaona heri watazame kitu cha kuwakumbusha walikotoka. Wakakipenda mno. Sala tu ndiyo iliyowainua vitini, na wengine hata hiyo waliichelewesha.

Siku hiyo walikuja wageni kupanga ndoa ya Salha na Twalib, kijana aliyezaliwa nyumba ya pili mwaka uleule aliozaliwa yeye. Kipimadamu kilishasema hawana nasaba. Likabaki swali ambalo kipimadamu hakiliwezi, maana maziwa hayaachi alama kwenye damu. Yanajulikana na wanawake waliolea. Shehe Mbaruku akamuuliza Bi Mwanakombo kama aliwahi kumnyonyesha kijana huyu.

"Nilimnyonyesha," akajibu bila kusita. "Mama yake alilazwa, Mungu amrehemu. Wiki nzima nikimpakata huyu kulia, Salha kushoto."

Salha akamgeukia mama yake. Kama ni kweli, yeye na Twalib ni ndugu wa ziwa moja, na ndoa haipo.

"Mama, hujapata kuniambia."

"Nawe hujapata kuniuliza, mwanangu."

Ikabidi aitwe Bi Nuruni, jirani wa tangu enzi hizo. Alikuja akifuta machozi, kwa kuwa kipindi kilikuwa kimefika pabaya: mtoto mchanga alikuwa akizikwa. Akaulizwa.

"Mwanakombo hakumnyonyesha," alisema. "Nilimnyonyesha mimi. Mama yake alilazwa, nikampakata yeye kulia, wangu kushoto." Akajishika kifua, akaanza kulia upya.

Hakuna aliyecheka. Mtaa mzima ulijua kwamba Bi Nuruni hakujaliwa kuzaa.

Twalib akashusha pumzi. "Basi ni tamthilia hiyo. Wameiona wote wawili."

"Mtambo hauanzi na uongo," Salha akasema polepole. "Lazima uchote kwa mtu. Kwa Bi Nuruni haukuchota."

"Kwa nani, basi?"

"Kwa mama. Au kwa mwanamke yeyote wa mji huu."

"Si uangalie kumbukumbu za mtambo?"

"Hakuna. Niliagiza mimi zifutwe."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiki Salha alikichimba kwa miaka, akipigiwa makofi. Shehe Mbaruku akasema kwa upole, "Shaka peke yake haiharamishi. Sitawakataza. Lakini mtakaoishi nayo ni nyinyi."

Salha akauzima ukuta. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akamvuta Twalib karibu.

"Mama, mtazame. Yule mtoto ni huyu?"

Bi Mwanakombo alimshika Twalib mashavu kwa viganja vyote viwili. Alimwangalia kwa muda, kwa macho maangavu, na Salha akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Ndiye," akasema mama. Kisha akamwinamia binti yake, akanong'ona kwa wasiwasi, "Lakini si tulimzika?"

Salha akainuka. Alimpenda Twalib tangu wakiwa shule, na pale aliposimama alimpenda vilevile. Angeweza kuolewa naye kesho. Ila kila usiku angemwona mama yake akiwa amempakata kulia, na hapakuwa na mtu wala chombo duniani cha kumwambia kama ni kweli au si kweli.

"Kaka Twalib," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Wasindikize wageni."

Twalib akanyanyuka, akaenda kuwafungulia mlango.