Hodi ya Ukungu

Mitchell ni rafiki yangu, Mmarekani wa kujitolea, aliyeletwa na serikali yao mwaka tisini na nne kufundisha fizikia milimani, juu ya Mkuyuni. Kiswahili chake nilikinoa mimi, wa darasa la sita!

Siku moja, saa tisa mchana, alikwenda kwa jirani, Mama Mwanaidi, kuomba kaa la moto.

"Shikamoo, mama. Kiberiti kimelowa."

"Marahaba. Mwalimu mzima, unashindwa na kiberiti?" Kisha akaacha kucheka. "Ukungu unashuka. Ukisikia hodi, uliza nani kwanza. Ukishamkaribisha, humtoi."

Mitchell alicheka peke yake njia nzima. Alipofika, ukungu ulikuwa umeziba madirisha, ndani giza tupu. Akawa anapuliza jiko.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni, taratibu.

"Karibu sana!" alidakia, kama alivyozoeshwa.

Mlango haukufunguka. Alichungulia nje, hakuona mtu. Matone tu yalidondoka kutoka kwenye bati.

"Nani?" aliuliza, amechelewa.

Nyuma yake, chumbani, kitanda kililia kwii, kama kimekaliwa na mtu mzito. Kiatu kikaanguka sakafuni, pu. Cha pili, pu.

Mitchell alibana pumzi, akasikiliza.

Kikaanguka cha tatu.