Chupa ya Mashine ya Babu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Chiriku alikuwa na kazi moja tu. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini kazi yenyewe haikuhitaji mdomo. Alitakiwa kumwaga maji ya jana yaliyobaki kwenye chupa ya mashine ya babu, kuiosha kwa sabuni, kuisuuza, kisha kutia maji yaliyochemshwa na kupoa.

Babu alikuwa seremala. Vumbi la mbao alilovuta miaka yote ya kazi lilimharibu mapafu, na sasa aliishi kwa mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya kitanda. Hewa ilipita kwanza ndani ya chupa ile, ikatoa mapovu na kupata unyevu, ndipo ikaingia puani kwa mpira mwembamba. Bila maji, hewa kavu ingemchubua pua na koo. Muuguzi alimfundisha Chiriku mwenyewe, akamwonya kwamba maji yakikaa sana huota vijidudu, na vijidudu hivyo husafiri na hewa hadi kifuani.

Chiriku aliitikia vizuri sana. Mwanzoni aliosha kweli. Kisha akagundua kwamba akiongezea maji ya bomba juu ya yale ya zamani, chupa hujaa vilevile na mapovu hutoka vilevile. Mama akiuliza kutoka jikoni, alijibiwa "tayari" na mtoto aliyekwisha kufunga viatu. Babu naye aliwaambia wageni kwamba mjukuu wake ndiye daktari wake, na Chiriku alizipokea sifa hizo bila haya.

Babu akaanza kukohoa, homa ikapanda, akalazwa. Walipoulizwa hospitalini kama chupa huoshwa, Chiriku aliwahi kujibu kabla ya wote: kila siku. Basi daktari akaanza na dawa za kawaida, nazo hazikufua dafu. Mwishowe akaagiza chupa iletwe. Muuguzi alipitisha kidole ndani yake, kikatoka na utelezi wa kijani.

Mama alimgeukia binti yake, na Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno, akapata hili: "Mimi nilikuwa naosha. Siku hizi shangazi ndiye anaijaza."

Shangazi, binti wa babu, alikuwa amekuja kusaidia kumwuguza baba yake. Wakati huo alikuwa kwenye benchi nje ya wodi akikunja shuka. Mama hakungoja. Alimfuata na kumsema mbele za watu, maneno ambayo mtu hamwambii wifi yake: kwamba amekuja kula na kulala, huku anamuua baba yake mzazi kwa uvivu. Shangazi alisema hajawahi kuigusa chupa ile. Hakuna aliyemwamini. Akafunika uso kwa shuka, akalia.

Chiriku aliona yote hayo na bado akanyamaza. Aibu haikutosha kumfungua mdomo. Kilichomfungua ni hofu, pale muuguzi alipotoka wodini.

"Mimi sitafuti mchawi," muuguzi alisema. "Nataka kujua ni maji gani na yamekaa muda gani. Daktari anachagua dawa, na mzee anachoka kupumua."

Mlango ulikuwa wazi. Babu alikuwa ameketi kitandani ameinama, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Ni mimi," Chiriku akasema. "Maji ya bomba. Naongezea tu. Sijaiosha tangu shule zifunguliwe."

Dawa ikabadilishwa. Homa ilishuka na babu akarudi nyumbani, lakini hakuwa babu yule. Zamani alijikongoja hadi sebuleni kupiga soga; sasa kukaa kitako tu kulimchosha, na daktari hakuficha kwamba nguvu iliyopotea mapafuni haitarudi. Babu hakumgombeza mjukuu wake. Aliacha tu kumwita daktari, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko fimbo. Mama alimwomba wifi yake radhi, akajibiwa kwa kichwa. Shangazi alibaki kwa ajili ya baba yake, si kwa ajili yao.

Asubuhi ya kwanza baada ya babu kurudi, Chiriku aliosha chupa mpaka ikang'aa, akatia maji ya kuchemsha, akampelekea shangazi. Shangazi aliipokea, akayamwaga maji yote, akaanza kuosha upya. Chiriku alisimama pale, machozi yakimlengalenga.

"Sikuchukii," shangazi akasema, mikono ingali na povu. "Ungesema mapema kwamba umezembea, tungekugombeza, na baba angepewa dawa yake siku ileile. Uongo wako ndio uliomchelewesha, mimi nikaitwa muuaji. Sasa ukiniambia umeosha, nitajuaje? Kwa hiyo utaosha nikikutazama. Mtu huaminiwa upya kwa kazi, na inachukua muda."

Kesho yake Chiriku aliosha akitazamwa, na keshokutwa pia. Muhula ukaisha, na shangazi alikuwa bado anasimama pale mlangoni kila asubuhi.