Abiria Aliyepewa Sauti

Umeme ulikatika katikati ya sentensi ya kapteni, na Waziri akaendelea kutafsiri.

Mwanzoni hakuna aliyeona ajabu. Kisangani ni mji wenye bwawa lake la umeme, kwa hiyo umeme ukikatika watu hawashtuki, hushtuka ukirudi. Katika ukumbi wa sinema wa mtaa wa Mangobo, nyuma ya mapazia ya magunia yaliyozuia jua la alasiri, watazamaji walianza kupiga miluzi. Televisheni ilikuwa nyeusi, spika kimya. Lakini Waziri, kwenye kiti chake cha pembeni, kipaza sauti kilichokufa mkononi, macho kwenye kioo cheusi, alikuwa bado anasema, taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya kapteni wala ya mtu yeyote waliyemzoea:

"Mumekawia sana kunifungulia."

Miluzi ikakoma. Mtu mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Papa Waziri, courant imekatika!"

Waziri akanyamaza. Akakitazama kipaza sauti kama mtu aliyeshika mkono gizani kisha akagundua si wa mkewe. Ukumbini ikabaki harufu ya chuma cha moto kilichomwagiwa maji.

Kazi ya Waziri ilikuwa kuufasiri papo hapo, kutoka Kifaransa hadi Kiswahili cha mjini, mfululizo wa televisheni uitwao Kefeo, ambao watu wa Mangobo walikuwa wameufuata tangu wengine wao wakibebwa mgongoni. Alikuwa kapteni, alikuwa mpishi, alikuwa mwanamke wa mitambo mwenye macho ya fedha. Wote kwa koo moja. Mmoja tu hakuwahi kumsemea. Nyuma kabisa ya chombo cha angani cha Kefeo kuna mlango usio na kitasa, na ndani yake mtu au kitu kinachoitwa Abiria. Kila msimu Abiria hugonga mara moja. Kapteni huenda, humsemesha, husikiliza, kisha huondoka amekunja uso. Mtazamaji hasikii jibu hata siku moja.

Juu ya kimya hicho iliundwa kamati. Cercle ya Marafiki wa Kefeo ilikuwa na katiba, mwandishi na muhuri. Rais wake, Patrice, alikuwa karani katika ofisi ya serikali, na kama makarani wote wa kweli, aliweza kukaa na faili lako mwaka mzima bila kulifungua, lakini hakuweza kulala akijua kuna faili lake mwenyewe halijafungwa.

"Abiria ni kapteni mwenyewe, amerudi kutoka wakati unaokuja," alisema kila Jumapili baada ya kipindi. "C'est clair."

"Tonton, kwako kila mutu amerudi kutoka wakati unaokuja," alimjibu Orpha, fundi wa cherehani na mwandishi wa kamati. "Hata mupishi ulisema vile. Abiria iko ule docteur wa chombo, ule walisema alikufa. Tuliona maiti yake? Hatukuona. Kwa série, kama haujaona maiti, mutu hajakufa."

"Nyuma ya mulango hakuna kitu," alisema Josué, mwanafunzi wa ufundi, ambaye hakuamini chochote na hakukosa kipindi hata kimoja. "Bale banaandika, bakikosa kitu ya kusema, banagongesha mulango. Sawa na ile mashine yao ya kurudisha wakati. Banaua mutu, batu banalia, alors banabonyeza, mutu anarudi. Ni mutego tu, ya kutukalisha hapa."

"Donc tumengoja miaka yote hii kitu haiko?" Patrice aliuliza, na safari hiyo hakukuwa na urais wowote katika sauti yake.

Ndipo kamati ikaamua. Abiria akigonga tena, Waziri ampe sauti na jibu, ili jambo hili limalizike kiutawala. Waziri alicheka, akakataa. Alitoka katika zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara, watu wanaojua kwamba kinywa hakiazimishwi kwa kitu kisicho na jina. Patrice akarudi na uamuzi uliopigwa muhuri. Waziri aliogopa majini, ndiyo, lakini alikuwa pia raia wa nchi yake, na muhuri ni muhuri.

Mlango ukagongwa. Waziri akafungua kinywa akiwa hajapanga neno, na neno likatoka. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Jumapili iliyofuata ndiyo umeme ulipokatika, na baada ya hapo Abiria hakuhitaji tena televisheni.

Nyota, mkewe Waziri, hakuwa shabiki. Alikuwa na kimya chake cha kumtosha. Juma, mtoto wao wa kwanza, alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Bafwasende, na simu yake haikupatikana tangu mvua zianze. Madereva wa malori walileta habari: mmoja alimwona akila vizuri, mwingine alisikia shimo limebomoka, wa tatu alikuwa amesikia kutoka kwa wa pili. Nyota alimwambia Orpha siku moja, akipima gauni: "Nyinyi munalipa ili mungoje. Mimi nangoja bure."

Sasa mashabiki walikuja hadi uani kwake. Walimuuliza Waziri juu ya Kefeo, na ile sauti ikajibu, laini, isiyo na haraka. Ilisema mpishi atafia mezani, kijiko mkononi. Jumapili akafia mezani, kijiko mkononi. Kesho yake watu walipanga foleni kuanzia kwenye bomba la maji, na Patrice, kwa ajili ya utulivu, akaagiza kila swali lipitie kwanza kwa kamati.

Na kila jibu lilichukua kitu. Asubuhi moja Waziri alitaka kumwita binti yao mdogo, Aïcha. Akafungua kinywa, jina halikuwamo. Alitafuta kwa ulimi kama mtu anayetafuta jino lililong'oka. Baadaye yakaondoka maneno ya sala, akabaki akiinama na kuinuka kimya kwenye mkeka. Halafu likaondoka neno la maji, akawa ananyoosha kidole kwenye ndoo kama mtoto. Lakini mtu akiuliza tu nani aliiba ramani ya kapteni, sauti ilitoka nzima, tele, na harufu ya chuma ikajaa nyumba hadi kwenye mito ya kitanda.

Mchana mmoja, Waziri amelala baada ya kula, Nyota aliweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwepo, lakini ulisikika mbali, umesukumwa nyuma, kama mwenye nyumba anayelala jikoni kwa sababu mgeni amechukua chumba. Na mbele ya moyo, karibu kabisa na sikio lake, kitu kiligonga mbavu kutoka ndani. Mara moja. Kikangoja.

Aliwafukuza watu kwa ufagio, akavaa viatu, akaenda kwa Mwalimu Mahmoudi, aliyefundisha watoto Kurani na, kwa wanaokuja kwa mlango wa nyuma, alijua na mengine.

"Ile kitu ilikuwa inapita tu, haina nyumba," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta ni wa jirani mbaya. "Munaipatia sauti, hiyo njo nyumba yake. Kila swali njo chakula. Sahani njo bwana yako."

"Itatoka, Mwalimu?"

"Bale baliita bakuje, bote batatu. Na wewe, mwenye nyumba. Nitasoma. Wakati ninasoma, hakuna mutu kuuliza swali. Hata 'nini'. Hata 'nani'. Itawaletea kila kitu munatafuta, itaweka karibu kabisa. Musiulize. Mutu moja akiuliza, inabakia, na Waziri hautamuona tena."

Kamati ikakutana. Patrice alisafisha koo.

"Mwalimu, hakuna mutu anakataa. Lakini msimu unaisha mwezi ujao. On ne peut pas reporter? Tusogeze mbele kidogo?"

Walipiga kura. Ni vigumu kueleza jambo hili kwa mtu asiyewahi kufuata mfululizo mrefu: wawili walitaka kuahirisha, mmoja hakuegemea upande.

Nyota aliinuka. Alitoka, akarudi amemshika Waziri mkono, akamsimamisha mbele yao.

"Sema jina yako, papa Juma."

Waziri akafungua kinywa. Hewa ikatoka. Akajaribu tena, shingo imekaza, machozi yakimshuka kwa juhudi tu, na mbele ya watu aliowachekesha na kuwaliza miaka yote hiyo hakuweza kusema yeye ni nani.

Orpha akafunika uso. "Leo," akasema. "Tufanye leo." Patrice akavua kofia, akaikunja, asijue aiweke wapi.

Alasiri hiyo mvua ilishuka juu ya Mangobo kwa namna inavyojua kushuka huko, ikageuza saa tisa kuwa magharibi. Ukumbini walichomoa kila waya. Mwalimu akawasha ubani, akaanza kusoma, na mabati yakawa yanasoma pamoja naye. Waziri alikaa kwenye kiti chake. Halafu ubani ukaacha kunukia, ikaja ile harufu nyingine, na kinywa cha Waziri kikafunguka bila midomo kusaidia.

"Monsieur le président. Nyuma ya mulango iko mutu unamujua. Uniulize jina tu, dossier ifungwe."

Patrice alijiuma kifundo cha mkono hadi damu ikatoka.

"Mama Orpha. Docteur anakusalimia. Anasema maiti yake iko mahali ulikuwa unawaza."

Orpha akatikisa kichwa, macho amefumba, midomo ikitetemeka kama inayohesabu mishono.

"Na wewe, Josué, unasema siko. Basi uniulize kama niko."

Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwa sababu lilikuwa swali lake la siku zote. Josué akaanguka magotini, akaziba masikio, akalia kwa sauti ili asijisikie akiwaza.

Mwalimu akapandisha sauti. Kisha kile kitu kikanyamaza, na mvua nayo ikapungua kana kwamba imeambiwa, na katika utulivu huo Nyota akasikia kutoka kinywani mwa mumewe pumzi ya mtu mwingine, pumzi ya mvulana aliyekuwa akipata mafua kila mvua zilipoanza na kuvuta hewa kwa pua moja, pumzi aliyoikesha miaka mingi akiisikiliza kando ya kitanda kwa hofu isikatike, na kabla neno halijatoka alikwisha kujua litakuwa neno gani.

"Mama."

Mwalimu hakuacha kusoma.

"Mama, ni miye. Huku giza iko mingi. Uniulize tu niko wapi, nitakuambia, utatuma batu bakuje."

Swali lilikuwa tayari kinywani mwake, lilikuwa hapo tangu mvua za kwanza, alipika nalo na kufua nalo, aliwauliza madereva, aliiuliza barabara, aliiuliza simu iliyomjibu kwa sauti ya mwanamke wa mashine, na sasa kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu wa kulijibu, na ulimi wake ukawa unanyanyuka wenyewe, na alipoona unanyanyuka akakamata ncha ya kitenge chake akaisukuma kinywani, akaisukuma tena hadi kooni, akawa anamtazama Waziri machoni, maana macho yalikuwa bado ya Waziri na yalikuwa yanamsihi, lakini yalimsihi aulize au asiulize, hakuweza kujua.

"Mama, naona unakaza kinywa. Mama, nimekosa nini?"

Akauma kitambaa. Mwalimu akafika mwisho wa aya, akavuta pumzi, akaanza tena. Pumzi ya mvulana ikawa fupi, ikawa ya kukwama, ikawa ya mtu aliyefunikwa na udongo, ikaendelea hivyo muda mrefu kuliko mama yeyote anavyoweza kustahimili, na akastahimili. Kifua cha Waziri kikagongwa kutoka ndani. Kisha ukagongwa mlango wa ukumbi, kutoka ndani vilevile, ingawa hapakuwa na mtu karibu nao, na ukafunguka wenyewe kwenye mvua.

Waziri akaanguka kifudifudi. "Aïcha," akasema sakafuni. "Maji. Waziri. Waziri mwana wa Salumu." Alikuwa anayarudisha moja moja, kwa sauti yake iliyokwaruzwa na kipaza sauti. Orpha alicheka na kulia. Patrice alivaa kofia, akatangaza kikao kimefungwa.

Kefeo bado inaonyeshwa. Waziri amerudi kwenye kiti chake. Abiria akigonga, yeye hunyamaza na kunywa maji. Simu ya Juma bado haipatikani. Na Nyota hamuulizi mumewe kitu. Hakupanga iwe hivyo. Husema "Chumvi imetosha," kisha humtazama usoni. Husema "Umerudi mapema," na kungoja aeleze mwenyewe.

Mchana wa Ijumaa moja walikuwa wanakula wawili peke yao, Aïcha akiwa shule. Nyota alikuwa anafungua majani ya liboke, mvuke wa samaki ukipanda.

"Mama Juma," Waziri akasema. "Tangu ile siku hauniulize kitu."

Aliendelea kufungua majani.

"Miye nilikuwa ndani. Nilimusikia mutoto vizuri kuliko nyinyi. Ile alitaka kusema, naijua."

Sauti ilikuwa ya Waziri, ya Waziri kabisa, na mikwaruzo yake. Hakukuwa na harufu yoyote ila ya samaki na majani. Alikuwa ameweka mikono juu ya meza, mpole, akingoja.

Nyota akachagua kipande kisicho na miiba, akamwekea.

"Kula, papa Juma," akasema. "Itapoa."