Viatu Mlangoni pa Chumba cha Kompyuta

Walikutana bandarini Kipevu mwaka wa tisini na sita, kwenye foleni ya kutolea kontena, madereva wa malori wakigombana na makarani wakisukumana. Mwidani alikuwa karani mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Mwanakheri alivaa buibui na mtandio wa samawati, amekumbatia mrundo wa karatasi za kompyuta.

"Dada, nikubebee?"

"Ukinibebea nitakufuata, na nafasi yangu ya foleni itakwenda."

"Basi nenda kaketi kivulini, nitakushikia foleni."

Akamshikia saa mbili nzima. Walipoachana, Mwidani alikuwa na namba ya simu ya kazini kwa Mwanakheri.

Mwanakheri alifanya kazi Changamwe, kwenye kampuni ya mizigo iliyokuwa na kompyuta tatu kubwa. Alichoajiriwa kufanya ni kupanga kazi za mashine hizo, ili moja ikifa, mbili zilizobaki zibebe kazi yake na mizigo isisimame.

"Ndiyo maana hakuna ninayoijaza," alimweleza Mwidani kwenye simu. "Kila moja naipa theluthi mbili ya kazi inayoiweza, basi."

"Na mimi moyoni mwako nimepewa ngapi?"

"Wewe umejaa mpaka unamwagika. Haya kata simu, bosi huyo."

Baada ya miezi minane wakapatana kuoana. Jumapili shangazi yake Mwidani, Bi Kafedha, angewaongoza wazee kupeleka posa Likoni, kwa kina Mwanakheri.

Ijumaa, siku mbili kabla, Mwidani alitoka msikitini mbio ampelekee mpenzi wake viazi karai vya moto. Chumba cha kompyuta kiliingiwa bila viatu, kwa ajili ya vumbi. Mlangoni aliyaona makubadhi ya Mwanakheri, na kando yake viatu vya kiume vilivyong'arishwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Yumo na Baya, fundi wetu," alisema Margret wa mapokezi. "Wamesema wasigongewe."

Wivu ukampanda Mwidani mpaka masikio yakawaka. Angeweza kuketi akangoja robo saa, lakini mwanamume mwenye wivu hangoji. Viazi akamwachia Margret, na jioni ile akamkataza shangazi yake kwenda Likoni. Hakumwambia Mwanakheri hata neno.

Jumapili kina Mwanakheri walipika, wakatandika, wakangoja mpaka magharibi. Hakuja mtu.

Jumatatu simu ya Mwidani ikalia.

"Wageni wako walipotelea wapi?"

"Muulize Baya uliyejifungia naye."



"Nitajuaje kama mashine mbili zitabeba kazi ya tatu bila kuizima moja? Na nitaizima lini, makarani wote wakiwa kazini? Ni Ijumaa tu, wakiwa msikitini. Baya ni Mkristo, yuko. Yeye anazima, mimi naangalia. Na mlango ukiachwa wazi baridi inatoka, mashine zinashika moto."

"Ungenambia."

"Ungeuliza. Umemwaibisha mamangu mbele ya majirani kwa jozi ya viatu."

Simu ikakatwa.

Mwanamume hajipelekei posa mwenyewe, lakini Jumanne Mwidani alivuka feri peke yake kwenda Likoni, akasimama mbele ya Bi Mwanasaumu, mamake Mwanakheri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wazee wako wako wapi?"

"Niliwazuia mimi. Ni wivu wangu, mama. Mwanao hana kosa."

Bi Mwanasaumu akainuka, akamwita bintiye. Mwanakheri akaja na leso kichwani, macho mekundu.

"Ijumaa hii nazima mashine ya pili," alisema. "Na Baya. Tutajifungia ndani."

Mwidani hakumpenda Baya, wala hakutegemea kumpenda.

"Zima," akasema.

Ijumaa alisali bila kujua imamu amehutubu nini. Njia ya Changamwe ilimwita; akajirudisha kazini Kipevu, akakaa mezani, akaandika tarehe moja mara tatu. Saa tisa simu ikalia.

"Ulikuja?"

"Sikuja."

"Najua. Nilimweka Margret dirishani." Sauti yake ikalegea. "Uliumia?"

"Wallahi, niliumia."

"Vizuri. Mwambie shangazi aje Jumapili. Lakini mama amesema safari hii hatii chungu motoni mpaka awaone mlangoni."