Kovu Shavuni mwa Bwana Harusi

Chetezo cha fedha kiliibwa Alhamisi saa nne asubuhi, nyumba ikiwa imejaa wanawake waliokuja kumpamba Lulu. Bibi yake, Bi Mize, alikwenda kukichukua dirishani jikoni, akakuta majivu tu.

Kufika saa nane, Inspekta Mwanabaraka alikuwa na mtuhumiwa mahabusu: Yunus, bwana harusi mwenyewe.

Ushahidi ulikuwa picha moja. Aliileta Abdulswamad, mpiga picha wa mtaa wa Dunda aliyekodiwa kwa sherehe. Mwanamume mwenye kanzu na kofia yuko uani, ameshika chetezo, uso ameugeuza upande. Shavuni, kovu refu. Yunus alikuwa na kovu kama hilo. Mji mzima ulilijua.

"Sikufika pale, afande. Nilikwenda Kerege kutafuta viti."

"Nani alikuona?"

"Mwenye viti sikumkuta. Nikarudi."

Ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa baada ya Alasiri. Bi Mize akaapa haifungwi.

Ijumaa asubuhi Lulu alifika kituoni, hina mbichi mikononi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu."

"Itazame tena ile picha. Nakuomba."

Mwanabaraka akaipeleka dirishani penye mwanga. Safari hii hakutazama uso. Akaona uzi mweupe umezunguka bega la yule mtu. Uzi huohuo ulizunguka ukuta, na kila jani la mpapai, kama vimechorwa kwa chaki. Picha hiyo ilikuwa imetiwa mkono kwenye kompyuta. Alikuwa amemfunga mtu kwa picha asiyojua imepikwaje.

Akamwita Mikdad, mtaalamu wa picha kutoka maabara ya uchunguzi Dar es Salaam. Kisha akamwita Abdulswamad.

"Picha halisi iko wapi?"

"Nimeifuta, afande."

"Basi lete kadi ya kamera."

Abdulswamad alisita, akaitoa.

"Iliyofutwa si lazima iwe imepotea," alisema Mikdad, na baada ya nusu saa akaipata. Ilikuwa na ukungu kidogo.

"Kila picha hunolewa kwa kuongezwa ukali," alieleza. "Kazi ni kujua pa kuishia. Chumvi ikizidi, huo si mchuzi tena."

Akaongeza ukali kwenye kompyuta, kipimo kwa kipimo. Ishirini: ikaonekana kamba ya kuanikia nguo, imepita mbele ya shavu. Arobaini: kofia ikatoa nyota za uzi wa buluu. Themanini: vumbi likaota kila mahali. Mia na hamsini: kamba ikapata kingo nyeupe, ikakatika vipande, na kipande kimoja kikabaki shavuni.

Kovu.

"Rudi nyuma," Mwanabaraka alisema. "Tena. Tena. Simama hapo!"

Arobaini. Shavu lilikuwa laini. Lulu akaisogelea kompyuta.

"Kofia hiyo nimeishona mimi! Ni ya mjomba Abdulnasir."

Mjomba alikuwa Lugoba kuwachukua wageni. Aliondoka kabla wizi haujajulikana. Akapigiwa simu.

"Ndiyo, ni mimi," alijibu. "Nilikitia makaa, nikakiweka dirishani jikoni. Mpiga picha alibaki palepale."

Baada ya swala ya Ijumaa askari walipekua studio ya Abdulswamad. Chetezo kilikuwa nyuma ya mapazia ya kupigia picha, kimeviringishwa kwenye kitenge.

"Kwa nini uliongeza ukali kiasi kile?" Mwanabaraka aliuliza.

"Ionekane vizuri, afande."

"Au kovu litokee?"

Mwanabaraka akakiweka chetezo mezani.

"Chetezo tunacho, Abdulswamad."

"Nilimposa Lulu mwaka jana. Bi Mize alinikatalia palepale kizingitini, hata kiti sikupewa. Leo wananikodi nimpige picha akiolewa na mwingine! Chetezo sikukitaka. Nilitaka ndoa ivunjike. Nilipoona kamba imepita shavuni, nikanoa mpaka ikawa kovu. Sikuchora kitu, afande. Nilizidisha tu."

"Kuzidisha huko kumemlaza mtu sakafuni. Mchukueni."

Mwanabaraka alifungua mahabusu kwa mkono wake.

"Yunus, nilikosea. Niliamini picha kabla ya kuuliza imetoka wapi. Niwie radhi."

Kaunta ilikuwa imejaa watu. Bi Mize akajitokeza, ukaya wake wa kichwani umemteleza, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, nimekuita mwizi..."

Yunus akamshika mikono yote miwili. "Yamekwisha, bibi. Twende, shehe anatungoja."

Koplo wa kike wa kaunta akapiga kigelegele. Inspekta Mwanabaraka, ambaye kwa miaka kumi na saba ya kazi hakuwahi kupandisha sauti akiwa na sare, akakipokea kwa nguvu zake zote.