Shairi Langu la Posa Lilivyovunjika Njiani

Nilipofungua picha aliyonitumia Mardhiya, binti niliyekuwa nikimposa, niliikuza mara mbili nisiamini.

Ilikuwa karatasi tu. Shairi langu la posa... limechinjwa.

Nisikilizeni, ndugu zangu. Baba yake Mardhiya, Mzee Mkadam wa Mkunazini, mjini Unguja, hapokei posa kavu. Mposaji atunge shairi, lisomwe barazani kwake baada ya alasiri, ndipo atoe jibu.

Mimi sikufundishwa utunzi na mtu. Nimejifunza mwenyewe kwetu Makunduchi, na nnajua nnachokifanya. Nililiandika kwenye kompyuta yangu, kipande cha kushoto kikitazamana na cha kulia:

Mzee nabisha hodi,          mlango nifungulia
Nimekuja na ahadi,          sitomwacha akilia

Nikapakua na fonti ya madaha mtandaoni, herufi za mapambo. Nafasi ya katikati nikaijaza kwa kubonyeza bonyeza kitufe cha nafasi mpaka safu zikanyooka kama jamvi jipya.

Kazi ya hoteli Paje ilinibana, nikalituma faili kwa Mardhiya. Akalichapa ofisini kwa binamu yake, Anuar.

Anuar huyo naye anamtaka Mardhiya. Mnaona?

Kwenye picha, vipande vya kulia vimeanguka chini, vingine vimerukia ukurasa wa pili. Vina vimetawanyika kama karafuu zilizomwagika.

Nikapiga simu.

"Nani kaligusa shairi langu?"

"Hakuna, Mcha. Limetoka hivyo hivyo."

"Kwangu lilikuwa limenyooka."

"Wallahi hatujaligusa. Baba kashalichukua, yuko barazani anacheka peke yake..."

Anacheka.

Neno hilo lilinimaliza. Nikakata simu, nikamrekodia sauti:

"Wewe na Anuar mmenicheza shere. Mwambie baba yako akuuze kwa mwenye ofisi, maana yeye ushairi wenyewe haujui."

Nikatuma. Nikazima simu.

Kesho yake nikashuka mjini na flashi mfukoni. Nilitaka nilichape upya, nikawabandikie mlangoni wakome.

Darajani, kwenye duka la kuchapa la dada mmoja, Riddhi, faili likafunguliwa. Shairi likavunjika mbele ya macho yangu. Vile vile!

"Umefanya nini, dada?"

"Nimefungua tu, kaka. Fonti yako kompyuta hii haina. Ikiikosa inachukua nyingine, na hii herufi zake pana. Mistari haikutosha, ikaanguka."

"Si imo ndani ya faili?"

"Faili limebeba jina la fonti tu. Fonti yenyewe umeiacha nyumbani. Na hizi nafasi za kubonyeza bonyeza hazishiki kitu. Ungetuma PDF, lingefika kama lilivyo."

Kwa hiyo hakuna aliyeligusa.

Nikakimbia Mkunazini.

Mzee Mkadam alikuwa barazani, peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akanipa karatasi. Ile ile. Kwa kalamu nyekundu alikuwa amechora mishale, kila kipande akakirudisha kwa mwenziwe, akifuata vina. Shairi zima limesimama.

"Jana nilicheka," alisema. "Nikasema, kompyuta haijui vina, lakini kijana anavijua. Nikamwambia Mardhiya akuite, uje na wazee wako. Ndipo ikaingia sauti yako kwenye simu yake, tukaisikia sote."

"Mzee, nilidhani..."

"Shairi lilifika limevurugika, nikalipanga. Sauti yako, Mcha, ilifika kama ulivyoituma. Hiyo ningeipanga vipi?"

 

Nyuma ya pazia nikamsikia Mardhiya anajikaza asilie, halafu akashindwa.

Mzee akaweka kidole kwenye mstari wangu wa pili.

"Usome."

"Nimekuja na ahadi, sitomwacha..." Neno la mwisho sikuweza kulitamka, naye analia nyuma ya pazia.

"Basi nenda, mwanangu."

Ndugu zangu, faili likikufikia au likirudi limevunjika, uliza kwanza kompyuta ya mwenzio inakosa nini, kabla hujauliza moyo wake unakosa nini. Na neno la hasira lilaze kwanza. Hilo halihitaji fonti. Hufika kwenye kila simu vile vile lilivyotoka.

Shairi langu nnalo hadi leo, na mishale yake myekundu. Halijakosewa hata kina kimoja.

Wa kumsomea ndiye sina.